Malkia wa Shaba: juu ya chui aliyelelewa na mtu na kitenzi «kurudisha»

Kitabu cha Joy Adamson kiitwacho Queen of Shaba kilitolewa mwaka 1980, mwaka uleule aliouawa mwandishi wake. Katika kurasa hizi hatukusudii kumtetea wala kumhukumu mwandishi huyo, ambaye sifa na lawama zake zimekwisha kuandikwa na wengi. Tunataka kukisoma kitabu chake kwa sikio la Kiswahili. Kinasimulia kazi ambayo lugha yetu huitaja kwa kitenzi kimoja tu, kurudisha, na kitenzi hicho, kwa maoni yetu, kinauliza maswali ambayo masimulizi ya aina hii hayapendi kuulizwa.

Tuanze na kichwa cha kitabu, kwani msomaji wa Lubumbashi atakwaa hapo kwanza. Jimbo letu liliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997, na mtu wa hapa akisoma «Malkia wa Shaba» atadhani kwamba chui huyo alitoka Upemba au Kundelungu. Sivyo. Shaba ya Adamson ni hifadhi ya wanyama ya Kenya, upande wa Isiolo, kando ya mto Ewaso Ng'iro, iliyotengwa mwaka 1974 na kupewa jina la mlima uliomo ndani yake. Msomaji wa Kiingereza naye anasikia jambo la tatu, yaani Malkia wa Sheba wa Biblia, na bila shaka hilo ndilo lililokusudiwa. Hivyo neno la Kiswahili limewekwa kwenye jalada kwa ajili ya mlio wake tu. Sheba ni nchi ya dhahabu na manukato; shaba kwetu ni mgodi, mshahara na moshi. Mchezo huu wa maneno hautafsiriki, nao unaonyesha tangu mwanzo kwamba kitabu hakikuandikwa kikimtazamia msomaji ambaye neno shaba ni lake.

Adamson alikuwa amejulikana dunia nzima kwa Born Free (1960), habari za simba jike Elsa. Baadaye akaja duma Pippa, ambaye maisha yake yanasimuliwa katika The Spotted Sphinx (1969). Chui ndiye aliyekosekana. Mwandishi alimtamani kwa miaka mingi, hata mwaka 1976 akampata: mtoto jike wa majuma manane hivi, aliyeokotwa na askari wa wanyama aliyefahamiana naye. Akamwita Penny. Penny akakua, akapelekwa Shaba, akavishwa kola yenye redio ili afuatwe kwa mlio wake, akakutana na dume, akazaa. Mwandishi hakuishi kuona kitabu kikitoka.

Simba, duma na chui ni wanyama watatu wenye desturi tatu tofauti kabisa. Simba huishi kwa ukoo. Duma huwinda mchana akitegemea mbio. Chui hukaa peke yake, hujificha, hupandisha windo lake mtini. Hata hivyo hadithi zao zimeshonwa kwa kitambaa kimoja. Kuna yatima, kuna nyumba yenye mlango ulio wazi, kuna siku ambazo mnyama harudi, kuna mwenzi wa porini, na mwisho kuna watoto. Uzazi ndio cheti. Mnyama aliyezaa amefaulu mtihani na kitabu kinaweza kufungwa, kama riwaya za zamani zilivyokomea arusini. Katika uhakiki tumezoea kuuliza: ni nini kinachotokea siku inayofuata arusi? Hapa pia swali hilo linafaa. Kuzaa kunathibitisha kwamba dume na jike walionana. Hakutuambii kama mama huyo anawaogopa watu, wala kama wanawe watawaogopa.

Sasa kitenzi chenyewe. Kurudisha kimejengwa juu ya rudi, kwa kiambishi cha kusababisha: ni kufanya kitu kirudi. Na rudi katika Kiswahili sanifu ina maana mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua, kwenda tena mahali ulikotoka. Ya pili haisikiki sana katika mitaa yetu, lakini kamusi zote zinayo na watu wa pwani wanaitumia: kumrudi mtoto ni kumkanya, kumwadhibu, kumweka sawa. Mzee wa huko akisema «mrudi mwanao», hamtumi mtoto mahali popote.

Maana ya kwanza, ukiipima juu ya mtoto wa chui, inachechemea. Chui wa majuma manane bado ananyonya. Ndiyo kwanza anaanza kumfuata mama yake nje ya pango au kichaka alimofichwa. Pori ambalo watu husema anarudishwa hakuwa amelijua. Mara nyingi, tena, pori analopelekwa si lile alimozaliwa, maana lile lina wenyewe, au lilikwisha kukatwa, au ndilo lililomuua mama yake. Anachorudia ni wazo letu juu ya chui, si mahali. Mfano mkali zaidi si chui bali ni chui mwenye milia, Tara, ambaye Arjan Singh alimchukua mwaka 1976 kutoka bustani ya wanyama ya Twycross, Uingereza, akamwachia katika misitu ya Dudhwa, Uhindi. Mtu aliyezaliwa Uingereza na kupelekwa Uhindi kwa mara ya kwanza, hatusemi amerudi. Tunasema amehamia.

Maana ya pili, kinyume chake, inafaa ajabu. Kazi nzima ya mlezi ni kumrudi mnyama: kumwondolea yale aliyomfundisha yeye mwenyewe bila kukusudia. Na hapo ndipo penye ugumu ambao Adamson, tukimsoma kwa makini, anauzunguka bila kuuingia. Methali zetu mbili zinabishana juu yake. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Elimu ya wanyama inazipa zote mbili sehemu ya haki. Kunyatia, kuruka, kushika koo, hayo chui huzaliwa nayo, na hata yule aliyekulia jikoni atayajaribu juu ya kuku au juu ya mguu wa mwenye nyumba. Lakini katika mwaka mmoja au mwaka na nusu anaokaa na mama yake hujifunza pia windo lipi linamfaa na lipi litamvunja mbavu, mpaka wa jirani unapita wapi, fisi na simba waepukwe vipi. Yote hayo anaweza kuyapata kwa kuhangaika, akiwa na bahati na chakula cha kumtegemeza. Kuna somo moja tu ambalo mlezi binadamu hawezi kulitoa, nalo ni kumwogopa binadamu. Atalitoaje, naye kila asubuhi ni ushahidi wa kinyume chake?

Ndiyo maana, kwa maoni yetu, Queen of Shaba hakitoshi peke yake, na anayetaka kuielewa shughuli hii amsome pia Singh, hasa Prince of Cats (1982). Arjan Singh (1917–2010) alikuwa mwindaji kabla ya kuwa mlinzi wa wanyama, akalima shamba kando ya msitu uliofanywa hifadhi ya taifa ya Dudhwa mwaka 1977. Chui wake wa kwanza, dume aliyeitwa Prince, aliachiwa mwaka 1973. Ili apate wenzi, Singh akalea majike wawili yatima, Harriet na Juliette. Pamoja nao aliishi mbwa jike wa kuokotwa, Eelie, aliyecheza na chui hao walipokuwa wadogo na kuwatawala kwa meno hata walipomzidi ukubwa. Mtu anayetafuta uzuri wa masimulizi haya asikose kurasa za mbwa huyo.

Lakini kisa kinachobeba uzito wote ni cha Harriet. Alikuwa amekwisha kuvuka mto, anaishi msituni, ameshika mimba ya dume wa porini na kuzaa. Kwa kipimo cha Adamson alikuwa amefaulu. Mvua za msimu zikaja, mto ukafurika, maji yakalikaribia pango lake. Harriet akafanya kile ambacho chui jike yeyote hufanya maficho yakiharibika: akawabeba watoto kwa meno awapeleke palipo juu na pakavu. Mahali alipopachagua palikuwa nyumba ya Singh, naye akakaa jikoni. Maji yalipopungua alitaka kurudi ng'ambo. Mto ulikuwa bado na nguvu, na safari hii alipanda mashua pamoja na mtoto wake, akavushwa na mtu.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi wa upendo, na Singh mwenyewe hakukosa kuguswa. Sisi tunakisoma vingine. Harriet hakuja kuaga wala kushukuru. Alitumia vitu vilivyokuwa ndani ya nchi yake: mwinuko, ukuta, mtu mwenye mashua. Katika ramani ya Harriet nyumba ile ilikuwa sehemu ya pori. Kiswahili kinatusaidia kuliona hilo. Tunasema porini na nyumbani kwa kiambishi kilekile cha mahali, lakini nyumbani imekwisha kuacha maana ya «ndani ya nyumba». Ni kule mtu anakohesabiwa. Swali la mlezi, amerudi porini au amebaki nyumbani, ni swali la binadamu aliyejenga ukuta. Chui aliupanda tu.

Basi jikoni mwa Singh hilo halikuleta msiba. Msiba huja chui akiukuta ukuta wa mtu mwingine, asiye na mashua wala kitabu. Hapa vitabu hivi, ambavyo vina macho makali kwa kila nywele ya mnyama, huanza kuona vibaya. Pembezoni mwa Dudhwa kuna mashamba ya miwa na vijiji. Tangu 1978 watu kadhaa waliuawa huko na chui wenye milia, na lawama zikamwangukia Tara. Mwaka 1980 jike mmoja alipigwa risasi. Wakuu wa serikali wakasema ndiye Tara, Singh akakana na kushikilia kwamba si yeye. Katika miaka ya 1990 mambo yakapata sura nyingine: vinasaba vya aina ya Siberia vilitambuliwa katika baadhi ya wanyama wa Dudhwa, na urithi huo ukahusishwa na Tara, ambaye damu yake haikuwa safi kama bustani ya Uingereza ilivyodhaniwa. Hatutaki kuamua kesi hiyo hapa. Tunaona tu kwamba ubishi wote, wa risasi na wa damu, ulihusu utambulisho wa mnyama, na wale waliokufa wakawa ni tarehe na idadi. Singh alizijua nyayo za wanyama wake moja moja. Wafu wa miwani wanahitaji mwandishi mwingine.

Katika Shaba ya Kenya upofu huo ulichukua sura ya kutisha zaidi. Tarehe 3 Januari 1980 mwili wa Joy Adamson ulikutwa njiani karibu na kambi yake. Zilikuwa zimebaki siku 17 atimize miaka 70. Habari ya kwanza iliyoenea duniani ilisema ameuawa na simba. Ilikuwa habari inayofaa sana, kwani iliikamilisha hadithi aliyoiandika maisha yake yote. Polisi walipochunguza majeraha waliona kwamba hayakufanywa na mnyama. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake na kuachishwa kazi alihukumiwa. Hakunyongwa kwa kuwa jaji aliona huenda hakuwa ametimiza umri wakati wa tendo. Miaka mingi baadaye, akiwa bado gerezani, alizungumza na waandishi wa habari juu ya ugomvi wa ujira. Ukweli wa maneno yake hatuna njia ya kuupima, wala hakuna ujira unaohalalisha kumwua mtu. Lakini mhakiki ana haki ya kuuliza swali la kazi yake: katika mfululizo huu mrefu wa vitabu, ni kurasa ngapi zinawasikiliza wanaoteka maji, wanaokata nyama na kupiga hema? Mtoto wa chui haleleki bila watu hao. Katika sarufi ya masimulizi wao ni vielezi. Kitenzi ni cha mwandishi na mtendwa ni chui.

Msomaji wa Kongo atalitambua kosa la simba, maana kwetu lilitokea likiwa limepinduliwa. Kaskazini-mashariki, pande za Beni na Ituri, watu walioitwa Anyoto waliua wakiwa wamejifunika mavazi yenye madoa na kushika makucha ya chuma, ili kifo kionekane kazi ya chui. Utawala wa kikoloni uliwawinda, kisha ukawafanya kivutio: sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913, iliyowekwa Tervuren, inaonyesha mtu-chui akimwinamia aliyelala. Chéri Samba alipochora Réorganisation mwaka 2002 aliwaonyesha Waafrika wakiivuta sanamu hiyo kwa kamba itoke nje ya jumba, na Wazungu wakiivuta ibaki. Jumba lilipofunguliwa tena mwaka 2018 sanamu ilikuwa imetengwa pamoja na nyingine za namna hiyo. Huko Beni mtu alijificha nyuma ya chui. Huko Isiolo mtu alifichwa nyuma ya simba, na waliomficha, kwa siku chache, walikuwa wasomaji waliomtarajia simba.

Chui mwenyewe, yule wa manyoya, tunamjua kidogo kuliko tunavyodhani. Tumemwona katika kofia ya Mobutu, katika jina la timu ya taifa, na tangu 2006 kichwa chake kimo katika nembo ya Jamhuri. Wengi wetu hatujawahi kukuta hata unyayo wake. Na Kiswahili cha Lubumbashi kinatia chumvi katika jambo hili, kwa kuwa neno nyama kwetu halijagawanyika. Sanifu hutenga mnyama, kiumbe anayepumua, na nyama, kilichomo sufuriani. Mtaani kwetu nyama ya pori ni vyote viwili, na ni sentensi nzima tu inayomwambia msikilizaji kama kiumbe huyo anakimbia au anauzwa. Wanaolea sokwe walionyang'anywa wachuuzi, huko Lwiro tangu 2002 na hapa Lubumbashi katika kituo cha JACK tangu 2006, wanafanya kazi ndani ya neno hilo kila siku. Wanapozungumza na wanavijiji juu ya kurudisha porini, msikilizaji ana haki ya kuuliza: kurudisha nini, cha nani, na pori la nani? Pori hilo lina shamba la mtu, mtego wa mtu, na kaburi la babu. Maelezo ya kampeni yaliyofasiriwa harakaharaka kutoka Kifaransa hayajibu hayo, yanarudia tu kitenzi.

Limebaki jambo la tafsiri, ambalo ndilo lililotuvuta kwenye kitabu hiki. Katika Kiingereza mwandishi anayemwita mnyama kwa kiwakilishi cha mwanamke, si kile cha kitu, amefanya tendo, amemwinua. Nguvu kubwa ya Adamson inatoka katika tendo hilo dogo lililorudiwa mara elfu. Kiswahili kinampa mtafsiri jambo hilo bure, hivyo halina thamani tena: chui amekuja, mama amekuja, mwizi amekuja. Kila chenye pumzi hupata a-. Anayetafuta mahali ambapo sarufi yetu hutenga mnyama na ndugu lazima aangalie kwingine, katika vimilikishi. Kiswahili sanifu husema mbwa wangu, ng'ombe wangu, chui wangu. Lakini husema mama yangu, ndugu yangu, rafiki yangu. Mnyama, kwa kuwa ana uhai, huvutwa hadi wangu. Ndugu, ambaye angestahili zaidi, hubaki na yangu ya ngeli yake ya zamani. Mpaka ni mwembamba, lakini upo, na mtafsiri wa Queen of Shaba atakutana nao kila ukurasa ambapo Adamson anamdai Penny kuwa wake. Akiandika chui wangu, ameandika sahihi na amemweka Penny zizini pamoja na ng'ombe. Akiandika chui yangu, mwalimu wa sanifu atapiga mstari mwekundu, lakini huenda maana ya kitabu imefika.

Kwa Kiswahili cha Lubumbashi shida hiyo haipo, maana sisi tunasema mutoto yangu, mbwa yangu, nyumba yangu, bila kubagua. Tulipowapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la kufasiri aya moja kwa Kiswahili sanifu, watatu waliandika «chui yangu». Wawili, tulipowauliza, walijibu kwamba ni mazoea ya mtaani yaliyowaponyoka. Wa tatu alisema alikusudia, na akaomba mstari mwekundu ufutwe.